Vidonda vya Ngozi: Jinsi ya Kuvizuia na Kuvitibu

Wazee walisema, "Mdharau mwiba mguu huota tende." Neno hilo hutimia kila mwaka mashambani na mijini. Mtoto huchomwa na mwiba akichunga mbuzi, au mfanya kazi hukwaruzwa na bati, naye husema, "Si kitu." Baada ya siku tatu mahali pale pamevimba; baada ya juma moja pana usaha; na baada ya mwezi mmoja pana donda linonukalo, ambalo humzuia mtoto asiende shule na mtu mzima asiende kazini. Jambo lililoweza kumalizwa kwa maji na sabuni siku ya kwanza sasa lataka dawa, fedha na siku nyingi hospitalini.

Somo hili laeleza magonjwa ya ngozi yaonekanayo mara nyingi katika nyumba za watu: majeraha madogo, donda la mguu, vidonda vya usaha, majipu, upele, choa na funza. Kila moja lina sababu yake na dawa yake, nayo haifai kuyachanganya. Lakini yote yana jambo moja la shirika: aliyeanza mapema hupona upesi.

KAZI YA NGOZI

Ngozi ya mtu mzima, ikitandazwa, hufunika eneo lipatalo karibu mita mbili za mraba. Kazi yake ni kama kazi ya ukuta wa boma. Nje ya ukuta wako adui wengi: vijidudu visivyoonekana kwa macho, vilivyo katika udongo, katika mavi ya wanyama, katika kucha na hata juu ya ngozi yenyewe. Maadamu ukuta ni mzima, adui hawa hawana nguvu. Ukipasuka, hata kwa ufa mdogo kama mkwaruzo wa ukucha, wao huingia na kuzaana.

Kwa sababu hiyo mtu anayejikuna sana yu katika hatari, ijapokuwa hana jeraha. Kuumwa na mbu si jambo kubwa. Lakini kujikuna mahali pale kwa kucha chafu ni kuufungua mlango kwa mkono wake mwenyewe.

JERAHA JIPYA

Jeraha likitoka damu, kwanza yafaa kuligandamiza kwa kitambaa safi kwa muda wa dakika 10 bila kuachia. Watu wengi hushindwa kuzuia damu kwa kuwa hufunua kila mara watazame. Damu ikiisha kukoma, jeraha lioshwe kwa maji safi mengi yanayotiririka, na ngozi inayolizunguka ioshwe kwa sabuni, mpaka pasibaki mchanga wala uchafu. Mahali pasipo na maji ya bomba, maji yachemshwe kisha yaachwe yapoe. Ukitia vijiko viwili vidogo vya chumvi katika lita moja ya maji hayo, yatafaa sana kuoshea vidonda.

Baada ya kuosha, jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi kilichofuliwa na kupigwa pasi, au kwa bendeji. Kitambaa hicho kibadilishwe kila siku, na kila kilowapo au kichafukapo. Kikiwa kimegandamana na kidonda, kisivutwe kwa nguvu, bali kilowanishwe kwanza kwa maji ya chumvi, kisije kikaing'oa ngozi mpya inayoota.

Yako mambo yasiyofaa kutiwa katika jeraha kamwe: mavi ya ng'ombe, udongo, majivu, mafuta ya taa, na unga wa betri kuukuu. Mafuta ya taa na unga wa betri huunguza nyama iliyo hai. Mavi na udongo ndiyo makao ya mbegu za pepopunda, ugonjwa ambao huanza kwa kukaza taya, kisha shingo na mgongo, na huweza kuua. Tena iko desturi ya siku hizi ya kupasua vidonge vya dawa za vijidudu na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda. Desturi hiyo haina faida. Unga huo huweza kuidhuru ngozi, na kuwazoeza vijidudu dawa hata siku ya haja isiwaweze.

Pepopunda huzuiwa kwa chanjo. Katika Kenya watoto wachanga huchanjwa, pamoja na chanjo za magonjwa mengine, wakiwa na umri wa majuma 6, 10 na 14. Mtu mzima aliyepata jeraha chafu, au aliyechomwa na msumari, aende zahanati aulizie chanjo hiyo, hasa ikiwa hakumbuki alichanjwa lini au miaka 5 imekwisha pita.

DONDA NDUGU LA MGUU

Katika nchi za joto liko donda linalowapata hasa watoto na vijana, chini ya goti. Huanza kwa mkwaruzo mdogo. Mara hutokea lengelenge lenye maji ya damu, nalo likipasuka huacha shimo ambalo hupanuka upesi sana kwa siku chache. Donda hilo huuma na kunuka. Vijidudu vya namna mbili au zaidi husaidiana kuila nyama, nao huwashinda kwa urahisi watoto wasiopata chakula cha kutosha.

Mara nyingi mazungumzo katika zahanati huwa haya:

"Mama, kidonda hiki kilianza lini?"

"Tangu mavuno, daktari. Kilikuwa kidogo kama punje ya mahindi."

"Mlikipaka nini?"

"Bibi yake alipaka majivu, na baba yake akanunua unga dukani."

Si kwamba mama huyo hampendi mwanawe, wala bibi hakukusudia mabaya. Kila mtu alitoa alichokuwa nacho. Lakini kidonda hakingoji, na majuma yaliyopita yamechukua nyama ambayo sasa itakuwa kazi kuirudisha.

Donda la namna hii halifai kutibiwa nyumbani peke yake. Mganga atalisafisha, atatoa nyama iliyokufa, na atampa mgonjwa dawa ya kumeza au ya sindano, kama penisilini. Wajibu wa watu wa nyumbani ni matatu. La kwanza, mgonjwa apumzike na mguu uinuliwe juu ya kigoda au mto, maana mguu unaoning'inia huvimba, na mguu uliovimba haupoi. La pili, bendeji ibadilishwe kama ilivyoagizwa. La tatu, mgonjwa alishwe vyema: maharagwe, maziwa, mayai, samaki au dagaa, mboga na matunda, kwa kuwa mwili hauwezi kujenga nyama mpya bila vifaa vya kujengea.

Donda likiachwa kwa miezi huweza kufika hata mfupani, na kovu lake huweza kuukunja mguu usinyoke tena. Tena kidonda kilichokaa wazi miaka mingi huweza kugeuka kuwa saratani ya ngozi. Kwa hiyo mzee mwenye donda la siku nyingi, ambalo kingo zake zimeanza kuinuka na kuwa ngumu, asiseme kwamba amelizoea. Yampasa aonekane na daktari.

Watu wenye kisukari wana hatari yao peke yao. Ugonjwa huo huweza kuiua hisi ya miguu, hata mtu akakanyaga kigae asitambue. Mwenye kisukari na atazame nyayo zake kila jioni, asitembee bila viatu, na aende zahanati siku ile ile aonapo kidonda.

VIDONDA VYA USAHA NA MAJIPU

Vidonda vya usaha huwapata watoto puani, mdomoni, mikononi na miguuni. Huanza kama malengelenge madogo, ambayo hupasuka na kufanya vigaga vyenye rangi ya asali. Huambukiza sana: mtoto mmoja akilala na wenzake watatu, wote wanne huweza kuwa navyo baada ya siku chache.

Mtoto aoshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni mara mbili kila siku. Vigaga vilowanishwe mpaka vilegee, kisha viondolewe polepole kwa kitambaa safi, na marhamu ya mganga ipakwe juu ya ngozi iliyo chini yake. Kupaka marhamu juu ya kigaga ni kuipoteza bure. Mtoto akatwe kucha, apewe taulo lake peke yake, na yule amtibuye aoshe mikono kabla na baada ya kazi hiyo. Ikiwa vidonda ni vingi, au mtoto ana homa, itahitajika dawa ya kumeza.

Wazazi wasividharau vidonda hivi. Namna moja ya vijidudu viletavyo usaha huo huweza kudhuru mafigo. Majuma matatu hivi baada ya vidonda, mtoto huweza kuamka na uso uliovimba, hasa kando ya macho, na mkojo wake ukawa mchache na wa rangi nyeusinyeusi kama chai ya rangi. Hiyo ni dalili ya kumpeleka hospitali siku hiyo hiyo.

Majipu nayo hutokana na vijidudu viingiavyo katika mashina ya nywele. Dawa ya kwanza ni kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto yanayovumilika, kiwekwe juu ya jipu kwa muda wa dakika 10, mara tatu au nne kwa siku, mpaka liive na kupasuka lenyewe. Haifai kuliminya wala kulitoboa kwa mwiba, kwa kuwa usaha hukimbilia ndani. Jipu la puani au la mdomo wa juu lisiguswe kabisa, maana mishipa ya damu ya mahali hapo huungana na ile ya ndani ya kichwa. Mtu apatwaye na majipu mara kwa mara apimwe kisukari.

UPELE

Upele huletwa na mdudu mdogo sana, ambaye urefu wake haufiki nusu ya milimita. Jike huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai mawili au matatu kila siku. Mwasho huzidi usiku, blanketi liletapo joto. Upele hupenda kukaa katikati ya vidole, katika vifundo vya mikono, viwiko, makwapa, kiunoni, matakoni na sehemu za siri. Kwa watoto wachanga huonekana hata nyayoni na kichwani.

Wengi hudhani kwamba upele ni alama ya uchafu, nao huona haya kuusema. Sivyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mtaalamu Kenneth Mellanby alifanya majaribio katika mji wa Sheffield, Uingereza, akiwatumia watu waliojitolea. Aliwalaza katika mablanketi yaliyotumiwa na askari wenye upele, na wachache sana wakaambukizwa. Alipowahesabu wadudu, aliona kwamba mgonjwa wa kawaida ana majike makubwa wapatao 11 tu katika mwili mzima. Majaribio hayo yalionyesha kwamba upele hupita hasa kwa miili kugusana kwa muda mrefu: mama na mtoto, mume na mke, ndugu walalao kitanda kimoja.

Jambo la pili la kujua ni hili: mtu aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza huweza kukaa majuma manne hata sita bila kuwashwa. Siku hizo zote humwambukiza mwenzake, naye hajui. Kwa hiyo kumtibu mtoto anayejikuna peke yake ni kazi bure. Watu wote wa nyumba, wawashwao na wasiowashwa, watibiwe siku moja.

Dawa zitumikazo ni dawa ya maji ya benzili benzoeti, au marhamu ya permethrini. Watoto wachanga na wanawake wenye mimba huweza kupewa marhamu ya kiberiti, ile dawa ya manjano ya tangu zamani, kama mganga aonavyo. Dawa ipakwe mwili mzima kuanzia shingoni hata nyayoni, pamoja na katikati ya vidole, chini ya kucha na kitovuni, si mahali panapowasha tu. Permethrini hupakwa jioni ikaoshwa asubuhi, na kurudiwa baada ya juma moja ili kuwaua wale walioanguliwa nyuma. Benzili benzoeti huunguza ngozi ya watoto, basi huzimuliwa kwa maji kwa kipimo atakachotoa mganga. Mtu akinawa mikono baada ya kupaka, aipake tena.

Siku hiyo hiyo nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Visivyofulika vifungwe ndani ya mfuko kwa siku nne au tano, kwa maana mdudu huyu hufa upesi akiwa mbali na mwili wa mtu.

Mwasho huweza kuendelea kwa majuma mawili hata manne baada ya wadudu kufa. Mtu asiogope akarudia dawa kila siku, kwa kuwa dawa yenyewe ikizidi huleta mwasho mwingine.

CHOA

Choa, kiitwacho pia bato au mashilingi, si mdudu bali ni namna ya kuvu. Hufanya duara lenye kingo zilizoinuka na magamba, huku katikati kukiwa kama kumepona. Hupatikana kwa watu na pia kwa paka, mbwa na ndama.

Choa cha mwilini hutibiwa kwa marhamu ya kuua kuvu, ikipakwa mara mbili kwa siku, na kuendelea kwa majuma mawili baada ya alama kutoweka. Wengi huacha mara waonapo ngozi imekuwa safi. Nayo kuvu, ikiwa haijafa yote, hurudi. Choa cha kichwani, kinachokata nywele za watoto wa shule, hakiponi kwa marhamu peke yake, kwa maana kuvu imekwisha ingia katika shina la unywele. Chahitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa muda wa majuma sita hata manane. Dawa hiyo huingia mwilini vyema zaidi ikinywewa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa.

Wembe na mashine ya kinyozi hueneza choa. Mwenye nywele na ahakikishe kwamba vyombo vimesafishwa kwa dawa kabla ya kunyolewa.

Onyo moja ni la lazima. Zinauzwa marhamu zenye dawa ya steroidi, na watu wengine huzitumia kuing'arisha ngozi. Zikipakwa juu ya choa, mwasho hupungua na mgonjwa hufurahi, kumbe kuvu inaenea chini yake bila kuonekana, na ngozi yenyewe inakuwa nyembamba.

FUNZA

Funza si wa asili ya Afrika. Aliletwa katika pwani ya Angola mwaka 1872 kwa merikebu iliyotoka Brazil, akafuata njia za misafara, na kabla ya mwaka 1900 alikuwa amekwisha fika Afrika Mashariki. Jike huingia katika ngozi ya miguu, hasa kando ya kucha, akanywa damu na kuvimba hata akawa kama punje ya kunde. Huko hutoa mayai mamia, ambayo huanguka katika vumbi la sakafu. Na vumbi hilo ndilo shule ya funza wapya.

Kuwatoa kwa pini au mwiba mmoja unaopita mguu hata mguu ni hatari, kwa kuwa huweza kueneza pepopunda, ukimwi na ugonjwa wa ini. Mafuta ya dimetikoni, yakipakwa juu ya funza, huziba tundu lake la kupumulia naye hufa mwenyewe. Lakini aliyetibiwa akirudi katika vumbi lile lile, ataingiliwa tena. Basi sakafu inyunyiziwe maji na kufagiliwa kila siku, au isakafiwe kwa saruji ikiwezekana. Mbwa na nguruwe wasilale ndani. Miguu ioshwe kila jioni kwa sabuni. Na watoto wavae viatu. Wazee wasiojiweza na watoto yatima ndio wateswao zaidi, na si kwa kosa lao. Jirani amwoshaye mzee miguu na kumfagilia sakafu amefanya tiba iliyo kubwa.

ALAMA ZISIZOFAA KUNGOJEWA

Mgonjwa apelekwe upesi kwa mganga ikiwa wekundu au uvimbe unaenea kuzunguka kidonda. Ikiwa ana homa au mtoki. Ikiwa taya linakaza. Ikiwa kidonda kimepita majuma mawili bila kupungua. Au ikiwa ameumwa na mbwa. Aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kwa chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo.

Tena bato jeupejeupe lisilowasha na lisilosikia kuguswa huweza kuwa ukoma. Hakuna sababu ya kulificha. Dawa za ukoma hutolewa bure, nazo huuponya kabisa. Na zikianzwa mapema, vidole havipotei.

Magonjwa ya ngozi hushindwa pale watu wote wanaposhirikiana. Buba ni ushuhuda. Katika miaka ya 1920 sindano ya buba iliwavuta watu wengi wa Kenya waende hospitali. Baadaye, tangu 1952 hata 1964, Shirika la Afya la Ulimwengu na UNICEF walisaidia nchi 46 kutibu buba kwa penisilini, kijiji kwa kijiji, wagonjwa pamoja na watu walioishi nao. Watu wapatao milioni 50 walitibiwa, na ugonjwa ukapungua kwa kadiri ya 95 katika kila 100. Kilichowezekana katika nchi 46 chawezekana katika nyumba moja: maji, sabuni, kitambaa safi, na mtu asiyesema, "Si kitu."

MASWALI YA KUJIFUNZIA

1. Kwa nini haifai kutia mavi ya ng'ombe au udongo katika jeraha?

2. Mtoto mmoja wa nyumba ana upele. Ni watu gani wapaswao kupaka dawa, na kwa sababu gani?

3. Choa cha kichwani chatofautianaje na choa cha mwilini katika matibabu yake?

4. Mtoto aliyekuwa na vidonda vya usaha ameamka na uso uliovimba. Yampasa mzazi afanye nini?

5. Taja mambo manne yanayoweza kufanywa nyumbani ili funza wasirudi.